Siasa na Mkongo wa Taifa: Funzo la Nusu Karne

Waya wa mawasiliano haujitandazi wenyewe. Huenda unakopelekwa na siasa. Kada anayetaka kuelewa intaneti nchini mwetu aanze kwa kuuliza: njia hii ni mali ya nani, na inamtumikia nani?

Azimio la Arusha la 1967 liliyahesabu mawasiliano miongoni mwa njia kuu za uchumi. Wakati ule posta na simu ziliendeshwa kwa pamoja na Kenya na Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, tulilazimika kuunda Shirika letu la Posta na Simu. Shirika lilikuwa la umma, lakini fedha za kigeni zilikuwa haba, na simu ikabaki kitu cha mjini na cha ofisini. Umma ulimiliki kitu usichokitumia.

Mageuzi ya miaka ya 1990 yakabadili mwelekeo. Kwa sheria za 1993 Shirika liligawanywa, na simu zikawa chini ya TTCL. Mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa za TTCL ziliuzwa kwa wawekezaji wa nje. Tuseme kweli: ushindani wa makampuni ya simu za mkononi uliwafikishia simu watu wengi ambao Shirika halikuwafikia. Lakini mtaji hufuata faida. Waya wa kuvuka mikoa yenye wateja wachache haurudishi fedha upesi.

Ndiyo maana mwaka 2009 Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa kwa mkopo wa China. Mwaka huohuo waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Bila Mkongo, neema hiyo ingekwama pwani. Kwa Mkongo ilifika mikoani, hata mipakani mwa Rwanda, Burundi na Zambia.

Hata hivyo ukinzani ulibaki: Mkongo ni wa Serikali, mwendeshaji wake ni TTCL, na sehemu ya TTCL ni ya wageni. Uliondolewa mwaka 2016 Serikali iliponunua hisa zile kutoka Bharti Airtel. Sheria ya 2017 ikaifanya TTCL shirika la umma.

Je, kazi imekwisha? Hasha. Historia imetufundisha kwamba umiliki peke yake hautoshi. Mkongo ukipita karibu na kijiji, na shule na zahanati yake zisiunganishwe, tutakuwa tumerudia kosa la zamani kwa waya mpya. Hapo ndipo makada tunapaswa kudai hesabu.