Edgefield: kaunti ambako wazao wa watumwa hutafuta majina ya mababu zao

Edgefield ni kaunti ya mashambani katika jimbo la South Carolina, kusini-mashariki mwa Marekani. Kaunti huko huwa na mahakama yake, na humo ndimo zinamotunzwa kumbukumbu za wosia, mirathi na ardhi. Edgefield iliundwa mwaka 1785, na karatasi zake nyingi za zamani zipo hadi leo.

Lakini karatasi hizo hazikuwatendea watu wote sawa. Mwaka 1860 zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa watumwa, wengi wao wakilima pamba. Katika sensa ya 1850 na ile ya 1860, watumwa waliandikwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wao. Majina yao yaliachwa. Sensa ya 1870, baada ya utumwa kukomeshwa, ndiyo ya kwanza kuwataja wote kwa majina. Wazao wao wakitafuta ukoo, wengi hukwama hapo.

Wanavukaje?

Njia ya kwanza ni mirathi. Bwana alipofariki, mali yake iliorodheshwa, na watumwa waliandikwa kwa jina na bei pamoja na mifugo na majembe. Orodha hizo zinauma kuzisoma, lakini mara nyingi ndipo pekee jina la bibi lilipobaki.

Njia ya pili ni daftari za benki ya akiba ya watu walioachwa huru, iliyodumu kuanzia 1865 hadi 1874. Ilikuwa na tawi Augusta, ng'ambo ya mto Savannah. Mteja aliulizwa majina ya wazazi, ndugu na watoto wake.

Jambo la tatu ni mipaka. Sehemu za Edgefield zilimegwa kuunda Aiken mwaka 1871, Saluda mwaka 1895, Greenwood mwaka 1897 na McCormick mwaka 1916. Familia inaweza kuonekana katika kaunti mbili bila kuhama hata hatua moja. Hivyo anayetafuta habari za zamani hurudi Edgefield.

Vyeti havisaidii sana kwa miaka ya nyuma: jimbo lilianza kusajili vizazi na vifo mwaka 1915.

Mfinyanzi aliyeandika jina lake

Tumtaje mmoja ambaye hakungoja karani. Dave alikuwa mtumwa na mfinyanzi wa mitungi mikubwa. Sheria ya jimbo ilikataza kumfundisha mtumwa kuandika, lakini yeye alichora jina lake na tarehe kwenye udongo mbichi. Mwaka 1857 aliandika juu ya mtungi mmoja mistari inayouliza jamaa zake wote wako wapi.

Sensa ya 1870 inamtaja kwa jina kamili: David Drake, mfinyanzi. Swali lake ndilo wanaloliuliza hadi leo wanaofungua daftari za Edgefield.