Ekari 3,210,000

Namba yenyewe ni hii: 3,210,000. Isome taratibu. Tatu, mbili, moja, halafu sifuri nne, kama mtu anayehesabu kurudi nyuma. Ndizo ekari ambazo Uingereza ilipanga mwaka 1947 kulima karanga Afrika Mashariki na Kati, maana vita vilikuwa vimeiacha na uhaba wa mafuta ya kula.

Nilianza kuichambua ndani ya basi la kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea, nyuma ya tiketi, kwa njia ileile ya vigawanyo tasa tuliyofundishwa shule ya msingi. Gawa kwa mbili mara nne. Kwa tatu mara moja. Kwa tano mara nne. Inabaki 107, na hapo unakwama, kwa sababu 107 ni namba tasa. Ukihesabu vigawanyo vyote, kuanzia moja hadi namba yenyewe, unapata 100 kamili. Safi mno! Shamba la kweli haliko hivyo. Kapime la babu yako uone: ekari mbili na robo, toa kichuguu, toa mkorosho wenye ugomvi na jirani.

Usafi huo una sababu. Ujumbe wa John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki tisa mwaka 1946, ukitumia pia ndege, ukapendekeza mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Yaani ile namba haikupimwa, ilizidishwa. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na 55 kati ya hayo Jimbo la Kusini, huku ninakopita na basi: ekari 1,650,000, zaidi ya nusu ya mpango mzima. Wamwera waliokuwa wakilima humohumo hawamo kwenye zidisho lolote.

Mwaka wa kwanza zilipangwa ekari 150,000. Zilizopandwa, kule Kongwa, zilikuwa kama 7,500. Hiyo ni robo ya shamba moja.

Nachingwea nako msitu ulifyekwa, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikaletwa kubeba karanga. Januari 1951 London ikakubali kwamba mpango umeshindwa, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa vitabuni. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini.

Nisijifanye mjanja. Mimi ni mwandishi wa habari, na namba za namna hii nimezinakili mara nyingi kutoka kwenye taarifa za miradi, sifuri zote zikiwa mahali pake, bila kuuliza nani alipima.

Nachingwea bado kuna mahali panaitwa Farm 17, jina la enzi za karanga. Wapiganaji wa FRELIMO walikuja kufanya mazoezi huko. Nilipofika stendi nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke. Akataja nauli, tukapatana, tukaondoka. Wala hakuuliza 17 kati ya ngapi.