Aliyeibeba Mannlicher

Kiuyu hakuna simba wala tembo. Rasi yetu hii ya Pemba ni mawe, mihogo na bahari. Anayetukera shambani ni nguruwe mwitu, na huyo husakwa kwa mbwa, mikuki na makelele. Bunduki ninayoiandika hapa nimeijua kwa kusoma tu. Kadiri ninavyosoma, ndivyo ninavyozidi kujiuliza: kwa nini sifa zake zote zimetoka midomoni mwa wenye nayo?

Inaitwa Mannlicher-Schönauer. Ilitengenezwa Steyr, Austria, kuanzia 1903 hadi 1972. Ni bunduki ya kukoki kwa mkono baada ya kila risasi. Magazini yake huzunguka kama gurudumu, ina nafasi ya risasi tano, na wanaoipenda huapa kwamba komeo lake huteleza kama lililopakwa siagi. Risasi yake ya mwanzo ilikuwa na kipenyo cha milimita 6.5, nyembamba kuliko kidole cha mtoto.

Unene huo ndio uliowagawa wenye nayo. Mskochi W. D. M. Bell, aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa Rigby ya milimita 7, aliwahi kutumia Mannlicher pia. Hoja yake ilikuwa kwamba risasi nyembamba na ndefu hupenya bila kupinda, na anayejua ubongo wa tembo ulipo hahitaji mzinga. Wapinzani walijibu kwamba si kila mtu ni Bell. Risasi ndogo ikikosa ubongo, humwacha mnyama na jeraha na hasira. Hoja yao ilipata nguvu: kwa wanyama hatari, kipimo cha .375 kilikuja kuwa cha chini kabisa.

Nimeupima ubishi huo, na naona pande zote mbili zinasema kutoka mahali pamoja, nyuma ya kitako. Kando ya mwenye bunduki alisimama mtu mwingine. Ndiye aliyeibeba kutwa, akaifuta vumbi, akaufuata unyayo na damu. Mnyama akigeuka, na yeye yupo palepale. Yeye aliionaje bunduki hiyo?

Jibu dogo limo katika kitabu cha Ernest Hemingway, *Green Hills of Africa*, cha 1935. Kinahusu safari yake Tanganyika pamoja na mkewe, Pauline. Siku moja Pauline alimpiga simba kwa Mannlicher, na mumewe akafyatua bunduki yake, Springfield. Simba akafa. Ni wa nani? Pauline mwenyewe alibaki na shaka. Mbeba bunduki, ambaye jina lake limeandikwa M'Cola, alishikilia kwamba Mama ndiye aliyempiga. Kambi ikampokea Mama kwa nyimbo.

Ushahidi huo ulitolewa kwa Kiswahili. Ni rahisi kuuchukulia kama adabu ya mtumishi. Mimi sioni hivyo. Mtu ambaye kazi yake ni kutazama risasi inaangukia wapi ana haki ya kusikilizwa kama shahidi.

Mwenzake, Charo, alikuwa Mwislamu mcha Mungu. Safari ile ilikutana na Ramadhani iliyoanza Desemba 1933, na Hemingway anaeleza jinsi alivyofunga: hakumeza hata mate, na jioni macho yake yalikuwa kwenye jua linalozama. Mtu wa Pemba haitaji kuelezwa maana ya kutembea porini kutwa na mzigo begani huku koo limekauka. Kwake yeye, uzito wa bunduki si tarakimu ya kwenye katalogi.

Mwaka 1936 Hemingway aliandika hadithi fupi ambamo mke anampiga mumewe risasi, kwa Mannlicher hiyohiyo ya 6.5. Bunduki ikaingia katika fasihi ya dunia ikiwa na jina lake. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kiwanda kilikuwa kimeacha kuitengeneza kwa miaka mitano, lakini wenye nayo waliendelea kuisifu, na wanaisifu hadi leo.

Tunajua jina la kiwanda na mwaka wa mwisho wa bunduki. M'Cola tumeachiwa tahajia ya kigeni na maneno machache ya Kiswahili. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki wapo wajukuu wa watu kama yeye. Kama babu yako aliwahi kubeba bunduki ya mgeni, andika alichokusimulia, hata kama ni sentensi moja. Wenye bunduki wamekwisha kusema yao.