Mpanda ni Siku Ngapi?

Mwaka 1994 baba yangu alikuwa kibarua Dar es Salaam alipoletewa simu ya maandishi: babu amefariki, Mpanda. Akakopa nauli, akadandia treni. Usiku na mchana mpaka Tabora. Pale akangoja, maana treni ya Mpanda haikuwa ya kila siku. Siku ya nne aliposhuka stesheni, ndugu walimpeleka moja kwa moja makaburini. Udongo ulikuwa umeshakauka.

Tangu hapo, ukimuuliza mzee Mpanda ni umbali gani, hakutajii kilomita. Anakwambia, "Siku nne."

Ndugu msomaji, mimi nilichukua atlasi ya shule na rula. Miji hii miwili imekaa karibu mstari mmoja, mashariki na magharibi. Ukipima angani kama anavyoruka kunguru, unapata kilomita 900 hivi. Sasa fuata reli uone: inapanda mpaka Tabora, inapitiliza mpaka Kaliua, ndipo inapokata kushoto kuteremka Mpanda kilomita 210 nyingine. Jumla inapita 1,100.

Kwa nini tuzungushwe hivyo? Jibu limo katika historia. Reli ya Kati ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaiacha Mpanda porini. Tawi la kutoka Kaliua walikuja kulijenga Waingereza, likafunguliwa mwaka 1950. Msidhani waliwaonea huruma Wakonongo na Wabende, la hasha! Walifuata madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Kwa hiyo njia aliyopita baba kwenda msibani ilichorwa kwa ajili ya mawe, siyo kwa ajili ya watu.

Mambo yakaja kubadilika. Mwaka 2012 Katavi ilimegwa kutoka Rukwa, Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa. Mwaka 2016 serikali ikapokea ndege mbili za kwanza za Bombardier Q400, zile za mapanga, zenye viti 76. Miaka michache baadaye Air Tanzania ikaanza kutua Mpanda. Ndege ya namna hiyo inakimbia zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: bila kutua njiani, ni mwendo wa saa moja na nusu tu. Ikipitia mji mwingine, ongeza kidogo. Siku nne zimekuwa asubuhi moja!

Lakini zimekuwa hivyo kwa nani? Mwaka juzi shangazi aliugua sana kule kwetu. Tukachangishana nyumbani, chenji mpaka za kwenye kibubu. Hazikutosha tiketi ya ndege. Baba akapanda basi. Safari hii, namshukuru Mungu, alimkuta dada yake anapumua, wakaongea usiku kucha. Alfajiri shangazi akatutoka.

Ndipo nilipoelewa kwamba rula yangu haisemi yote. Umbali wa kweli unapimwa kwa mfuko wa msafiri, na kwa mambo aliyowahi au aliyoyakosa.

Nawe mwenzangu unayejifunza kuandika, usiishie kwenye atlasi. Waulize wazee wako kwao ni siku ngapi, kisha nyamaza uwasikilize. Historia yetu nyingi imelala humo, na wao hawatungoji milele.