Maneno Yanayopiga Hodi

Sisi wa Ihumwa wengi wetu tumezaliwa ndani ya Kigogo; Kiswahili tumekikuta shuleni, sokoni na barabarani. Labda ndiyo maana nimekuwa nikijiuliza ni nani hasa hulipa neno jipya ruhusa ya kuingia kamusini.

Jibu la haraka ni Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967. Kabla yake ilikuwapo Kamati ya Lugha ya wakati wa ukoloni, iliyoanza mwaka 1930 na kutuachia kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Kazi hiyo ilirithiwa mwaka 1964 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, nayo mwaka 1981 ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Baraza hukusanya istilahi, huzijadili na wataalamu, kisha huzitangaza.

Lakini, ndugu msomaji, neno likishatangazwa bado lina safari. Tazama kompyuta. Wataalamu walileta tarakilishi, wengine ngamizi. Wanafunzi wa Kenya hufundishwa tarakilishi. Huku kwetu karani akilitamka ofisini, wenzake humtazama kama mtu anayejidai. Daladala, kinyume chake, halikungoja kikao chochote. Lilizaliwa Dar es Salaam miaka ya 1980, nauli ikiwa shilingi tano, ambazo watu waliziita dala. Wenye kamusi walilikuta limekwisha keti.

Lugha za bara nazo zimechangia. Ikulu ni la Wanyamwezi na Wasukuma, ngeli la Wahaya. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 alitumia kung'atuka, la kwao Uzanaki. Nadhani lilipokewa upesi kwa sababu kujiuzulu kulinukia kosa, na nchi ilihitaji jina la kiongozi anayeondoka kwa hiari yake.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, ila sisi tuliuona kwa macho baada ya 2016, Mji wa Serikali ulipojengwa Mtumba, jirani yetu. Ardhi ikapanda thamani, na maneno yakaja pamoja na wapimaji: hatimiliki, urasimishaji. Bibi mmoja mjane, jirani yangu, aliniletea karatasi akaniuliza, "Mwanangu, kurasimishwa ndiyo kunyang'anywa?" Kwa siku kadhaa alikuwa hapati usingizi kwa neno moja. Nilimweleza kuwa ni eneo lake kupimwa na kuandikishwa kwa jina lake.

Hatimiliki alilishika siku ileile, maana hati alizijua na kumiliki alikujua. Urasimishaji haujamwingia mpaka leo. Huuita "ile ya bikoni", kwa alama za mipaka zilizosimikwa penye pembe za kiwanja chake, na wajukuu zake wote wanasema hivyo.