Bibi London, bwana kambini: funzo la 1972 ng'ambo ya Kasindi

Hapa Beni na Butembo tumezoea kuvuka Kasindi bila kufikiri sana. Lakini ng'ambo ya mpaka ule kuna historia moja inayomhusu kila kijana anayepanga kuhama na mwenzake.

Uganda ilipopata uhuru 1962, Waasia wengi wa kule walipewa miaka 2 ya kuchagua: kujiandikisha raia wa Uganda, ao kubakia na paspoti ya Uingereza. Kuna familia ziligawanya makaratasi: bwana akachukua ya Uganda ili duka lisipate shida, bibi akabakia na ya Uingereza. Ilionekana ni akili, mguu mmoja huku, mwingine kule.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin akawafukuza, siku 90 tu. Katika kukagua makaratasi, wengi wakanyang'anywa uraia wa Uganda, wakabakia bila taifa hata moja. Uingereza ikapokea watu karibu 28,000. Ila tangu 1969 kanuni zake zilikuwa hivi: mwanaume anaweza kuleta bibi yake, mwanamke kuleta bwana, hapana, isipokuwa kwa shida ya pekee. Basi bibi akapanda ndege ya London na watoto, bwana akapelekwa na Umoja wa Mataifa kwenye kambi za Austria, Italia ao Malta. Ndoa yao hakuna aliyeikana. Sheria ilihesabu tu kwamba bwana ndiye kichwa cha familia, na kichwa kile hakikuwa na paspoti.

Kanuni ile ilifunguliwa 1974, ikafungwa tena 1980. Wanawake watatu wakaishitaki Uingereza, na tarehe 28 Mei 1985 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema ni ubaguzi. Uingereza ilifanya nini? Haikuwafungulia wanawake, iliwafungia wanaume pia. Usawa ukapatikana kwa upande wa ugumu.

Na sisi? Sheria ya Congo ya 12 Novemba 2004 inasema uraia wetu hauchanganyiki na mwingine. Mmoja akichukua uraia wa Ubelgiji, anapoteza wa kwetu: nyumba moja, mataifa mawili.

Tena kwetu wazee wakisha kupokea mbuzi za mahari, tunasema ndoa iko. Kwa jamaa ni kweli. Lakini ofisi ya uhamiaji haioni mbuzi, inaona cheti cha état civil. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka mkimbizi anayeomba mwenzake amfuate aonyeshe kwamba ndoa ilikuwapo kabla yeye hajaingia.

Kwa hiyo andikisheni ndoa mapema, kabla mmoja hajapata visa. Halafu ketini wawili na muulizane waziwazi: mlango ukifungwa kesho, makaratasi haya yatatupitisha sote, ao mmoja tu? Na yule atakayebakia, tumekubaliana atangoja mpaka lini?