Programu Iko Kule, Dirisha Liko Hapa: Seva ya X Inavyofungua Programu za Linux Kwenye Windows, Mac na Hata Simu

GIMP, programu ya kuhariri picha inayopendwa sana na watumiaji wa Linux, haina toleo rasmi la Android. Lakini wapo watu wanaoifungua kwenye simu zao, GIMP yenyewe kabisa, na menyu zake zote ndogo ndogo zinazosumbua kidole. Wengine wanafungua programu za Linux ndani ya Windows. Wengine wako nyumbani na Mac, huku programu wanayotumia inaendeshwa kwenye kompyuta ya chuo.

Hakuna uchawi hapo. Kinachotumika ni seva ya skrini, yaani programu inayokaa katikati ya kioo chako na programu zinazotaka kuonekana kwenye kioo hicho. Iliyoenea zaidi inaitwa X, kwa kirefu X Window System, na toleo linalotumika mpaka leo ni X11. Ni programu huria: mtu yeyote anaweza kuipakua, kusoma msimbo wake na kuubadilisha bila kulipa chochote.

Ni kitu kizuri sana. Ila kina mlango mmoja ambao maelekezo mengi ya mtandaoni humwambia mtu auache wazi, na anayefuata maelekezo hayo hajui ameruhusu nini.

Seva ni ipi hapa?

Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa. Mtu akisikia neno seva anafikiria mashine kubwa iliyo mbali huko. Kwa X mambo ni kinyume. Seva ni kile kilicho mbele yako, kwa sababu ndicho kinachotoa huduma ya kioo, kibodi na kipanya. Programu ndiyo mteja, hata kama inaendeshwa kwenye kompyuta kubwa iliyoko bara jingine. Mteja anaomba achorewe dirisha, aandikiwe maneno fulani, ajulishwe mtu akibonyeza kitu. Seva inachora, na ukigusa kibodi inampelekea mteja taarifa.

Mazungumzo hayo yana lugha yake, na lugha hiyo haijali kama wawili hao wako kwenye mashine moja au mbili, wala kama mifumo yao inafanana. Ndiyo maana programu ya Linux inaweza kuonekana kwenye Windows bila kubadilishwa hata mstari mmoja. Haijahamia Windows. Inachorwa tu huko.

Wazo hili ni la mwaka 1984, pale MIT nchini Marekani. Chuo kilikuwa na mradi wa Athena, ukisaidiwa na kampuni za DEC na IBM, wa kuwapa wanafunzi kompyuta, na mashine zenyewe zilikuwa za kampuni tofauti zisizoelewana. Bob Scheifler na Jim Gettys wakaanzisha X. Jina lilipatikana kirahisi tu: mfumo uliotangulia, uliotoka Stanford, uliitwa W. X11 ikatoka Septemba 1987, kwa hiyo lugha inayofungua GIMP kwenye simu ya leo ni kongwe kuliko wengi wanaoitumia. Baadaye watu wa Linux walitegemea XFree86, mpaka mwaka 2004 mabadiliko ya leseni yalipozua ugomvi na kazi ikahamia X.Org, ambako iko hadi sasa.

Kwenye Mac na Windows

Kwa Mac jibu ni fupi: XQuartz. Apple yenyewe iliwahi kuweka X11 kwenye kompyuta zake, ikaacha kuanzia Mountain Lion ya mwaka 2012. Zamani hata OpenOffice haikufunguka kwenye Mac bila X11, hadi toleo la 3.0 la mwaka 2008. Leo programu kubwa kama hizo zina matoleo yake ya Mac, kwa hiyo XQuartz inabaki kwa programu za kisayansi na zile zinazoendeshwa kwa mbali.

Kwa Windows kuna VcXsrv, Xming na Cygwin/X. Ila kabla hujapakua yoyote, angalia kwanza kama unaihitaji. Mwaka 2021 Microsoft walileta WSLg, ambayo inafanya Linux iliyo ndani ya Windows 11 ifungue madirisha yenyewe. Unaandika jina la programu, inafunguka, basi. Kwa ndani inatumia Weston na XWayland, zote huria, kisha picha inapelekwa upande wa Windows kwa njia ya RDP. Maelekezo ya zamani ya kusakinisha VcXsrv bado yanasambaa na watu bado wanayafuata, wakati kwa wengi wao kazi hiyo imeshafanywa.

Programu ikiwa mbali

Kama programu iko kwenye kompyuta nyingine, njia ya kawaida ni kupitia SSH:

ssh -X jina@anwani

Ukishaingia, andika jina la programu, na dirisha lake litafunguka kwako. SSH inajenga njia iliyosimbwa kati ya mashine mbili, kisha inajaza yenyewe taarifa inayoitwa DISPLAY, ambayo ndiyo inaiambia programu ikachore wapi. Mara nyingi utakuta imeandikwa localhost:10.0.

Ujumbe wa "cannot open display" umewatesa wengi. Maana yake ni kwamba programu haijui skrini iko wapi, au imefika ikakataliwa. Andika echo $DISPLAY. Kama haikuleta kitu, basi seva ya X haijafunguliwa kwako, au kule mbali X11Forwarding imezimwa kwenye faili la sshd_config, au programu ndogo ya xauth haijasakinishwa. Usijaze DISPLAY kwa mkono ukiwa ndani ya SSH. Hapo unaikwepa ile njia iliyosimbwa.

Sasa suala la bando. X ni mfumo wa maneno mengi: unaomba, unasubiri jibu, unaomba tena. Kwenye Wi-Fi ya nyumbani hakuna shida. Kwenye mtandao wa simu, kila jibu linachelewa kidogo, na ucheleweshaji huo unajumlishwa mpaka menyu moja inachukua sekunde kadhaa kufunguka. Zaidi ya hapo, programu za kisasa zinajichorea picha zenyewe na kutuma pikseli tupu, jambo linalokula data. Kufungua kivinjari au video kwa ssh -X kupitia bando la simu ni hasara tupu. Kwa kazi hizo tumia VNC au Xpra. Xpra ina faida nyingine kubwa: mtandao ukikatika, programu inaendelea kuishi kule ilipo na unairudia baadaye. Kwa X ya kawaida, mtandao ukikatika programu inakufa, na kazi ambayo hukuihifadhi inaenda nayo.

Kwenye simu

Kwa Android kuna Termux, inayokupa dirisha la amri za Linux, na Termux:X11, ambayo ndiyo seva ya skrini. Huhitaji kuruti simu. Chukua Termux kutoka F-Droid au GitHub, na Termux:X11 kutoka GitHub. Kisha ndani ya Termux:

pkg install x11-repo
pkg install termux-x11-nightly xfce4
termux-x11 :1 -xstartup "dbus-launch --exit-with-session xfce4-session"

Fungua programu ya Termux:X11 na utakuta XFCE, yenye madirisha na menyu kama kompyuta. GIMP unaiongeza kwa pkg install gimp. Hapa hakuna data inayotumika baada ya kupakua, kwa sababu mteja na seva wote wako ndani ya simu hiyo hiyo. Tahadhari tu kwamba upakuaji wenyewe si mdogo, kwa hiyo subiri Wi-Fi.

Kioo kinafanya kazi kama kile kibao cha kugusa cha kompyuta: unavuta kidole na mshale unasogea. Kwa dakika tano za kwanza inaudhi. Kibodi na kipanya vya Bluetooth vinabadilisha mambo kabisa.

Kuanzia Android 12 kuna tatizo moja linalowafanya wengi wadhani wamekosea: kila kitu kinajizima ghafla na Termux inaonyesha signal 9. Android iliweka kikomo cha michakato midogo 32 inayozalishwa na programu, na XFCE ikichanganywa na programu mbili tatu inafika huko haraka. Kwenye Android 14 kuna swichi ya kuondoa kizuizi hicho ndani ya mipangilio ya wasanidi. Kwenye matoleo ya nyuma yake inabidi kutumia amri za adb.

Mlango unaoachwa wazi

X ilibuniwa kwa imani kwamba kila programu iliyokwisha kuruhusiwa kwenye skrini ni ya mtu mmoja na ni salama. Kwa hiyo mteja yeyote aliyeingia anaweza kusoma herufi unazocharaza kwenye dirisha la programu nyingine, kupiga picha ya skrini nzima, na hata kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Hahitaji kudukua kitu. X11 inafanya kazi hivyo tangu 1987.

Ulinzi wote basi uko mlangoni. Kila skrini ina siri yake, inayohifadhiwa kwenye faili la .Xauthority, na programu isiyo na siri hiyo inakataliwa. Amri ya xhost + inaondoa ulinzi huo kwa kila mtu. Ni herufi chache tu, na ndizo zinazopendekezwa kila mtu anapolalamika kwamba programu yake haifunguki.

Kwa Windows hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. WSL2 inaonekana mbele ya VcXsrv kama kompyuta ya kigeni, hivyo inakataliwa. Suluhisho linalosambaa ni kuweka tiki kwenye kisanduku cha kuzima udhibiti wa wanaoingia. Kisha faiwoli ya Windows inauliza kama VcXsrv iruhusiwe kwenye mitandao ya umma, na mtu mwenye haraka anabonyeza ndiyo. Tangu hapo, mlango namba 6000 wa kompyuta yake uko wazi kwa yeyote aliye kwenye Wi-Fi hiyo. Nyumbani pengine ni yeye na kaka yake. Kwenye Wi-Fi ya hosteli au mgahawa, ni watu asiowajua, na wanaweza kuona nenosiri analoandika ndani ya dirisha la Linux na hata alichokikopi kutoka Windows.

Aliyeandika xhost + anaweza kurudisha ulinzi kwa xhost -. Ila amri hiyo haimtoi aliyekwisha kuingia. Kwa huyo, funga seva ya X na uiwashe upya. Mwenye Windows 11 aachane na VcXsrv atumie WSLg. Programu za mbali zipitie SSH, siyo mlango wa 6000 moja kwa moja.

Na SSH nayo haimlindi mtu dhidi ya mwenye kompyuta ya kule. Msimamizi wa mashine hiyo anaweza kuchukua siri ya skrini yako ukiwa umeunganishwa na kuitumia. Chaguo la -X linambana mteja kiasi, na baada ya dakika 20 linakataa madirisha mapya. -Y linamwamini kabisa. Lakini kwenye Debian na Ubuntu, -X imepangwa tangu mwanzo ifanye kazi kama -Y, na wengi hawajui hilo. Kama humwamini mwenye seva, usimfungulie skrini yako.

Kwenye simu hali ni nafuu kidogo. Android inatenga kila programu na nyingine, kwa hiyo kilicho ndani ya Termux:X11 hakisomi PIN unayoandika kwenye programu yako ya pesa. Lakini ukifungua Firefox ndani ya XFCE, halafu pembeni ukaendesha skripti uliyoitoa usikojua, skripti hiyo inaweza kuona kila unachocharaza kwenye Firefox. Mambo ya benki yabaki kwenye kivinjari cha kawaida cha simu.

Wayland

Kasoro hii ni moja ya sababu za kuja kwa Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008. Huko kila programu inaona dirisha lake tu. Red Hat Enterprise Linux 10 ya mwaka 2025 imeondoa kabisa seva ya X.Org, na Ubuntu 25.10 haiji tena na GNOME ya X. Programu za zamani hazijatupwa, zinapitia XWayland, na hata ssh -X inaendelea kufanya kazi kupitia hapo. Wayland yenyewe haikujengwa kuvuka mtandao, kwa hiyo anayetaka hilo anatumia Waypipe.

Ukitaka kujua kompyuta yako ya Linux inatumia ipi, andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Ikijibu x11, yote yaliyosemwa hapo juu kuhusu herufi zinazosomwa yanakuhusu. Ikijibu wayland, yanahusu zile programu zinazopitia XWayland tu: hizo bado zinaweza kuchunguliana zenyewe kwa zenyewe.